Umeme wa Banda la Nyuma

Apolonia ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Kazaliwa Samuye, akaolewa upande wa Buzwagi, nje kidogo ya mji wa Kahama. Yaliyomkuta huko nimeyasikia kwa kinywa chake, ameketi jikoni kwetu, mchana kweupe, jua linawaka. Hata hivyo nilijikuta nageuka kila mara kuangalia mlango.

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine. Alikuwa ameinamia beseni anafua nguo za mtoto, na Limi mwenyewe yuko mgongoni, amefungwa kanga, anacheza na nywele za mama yake. Mtaani watu wa umeme walikuwa wanapita nyumba hadi nyumba wanabadilisha mita. Za zamani zinang'olewa, zinafungwa zile mpya wanazoziita mita janja. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Bhoke, jirani wa ukuta kwa ukuta, muuza maandazi, alishafungiwa na alikuwa anaisifia kweli: simu yake inamwambia umeme umetumika kiasi gani, saa ngapi. Wengine waliapa kwamba zinakimbia kuliko za zamani. Wengine wakasema zinasikiliza maongezi ya ndani. Apolonia alikuwa bado hajajua amwamini nani.

Fundi aliyefika kwao anaitwa Edward, kijana mrefu mwenye ngazi begani. Hajaiegemeza ukutani vizuri, mlango wa mbele ukafunguka, akatoka Mzee Magesa, baba mkwe wa Apolonia, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee," Edward akasema.

Mzee hakuitikia. "Shusha ngazi yako."

"Tunabadilisha mita tu, mzee. Ni bure. Na utakuwa unaona kila kinachotumika humu, saa kwa saa."

"Ndiyo maana sitaki."

Alilisema hilo kwa sauti ya chini kabisa. Na wakati anasema hakuwa anamtazama fundi. Alikuwa anamtazama mkwewe.

Ugomvi wa umeme ndani ya nyumba ile ulikuwa wa muda mrefu. Nyumba ilikuwa na taa, televisheni na pasi, basi. Lakini uniti zilikuwa zinayeyuka kama barafu juani. Mzee Magesa ndiye aliyekuwa ananunua, na kila zikiisha anapaza sauti uani mpaka kwa Bhoke wasikie: kwamba amemleta mwizi nyumbani, kwamba Apolonia anachaji simu za watu kwa siri na kula hela. Apolonia alikuwa anapiga magoti, anainamisha kichwa kama alivyofundishwa Samuye, anasubiri amalize. Mumewe, Theonest, alikuwa anafanya kazi mgodini Geita na kurudi kwa likizo. Kila aliporudi, baba yake alikuwa na maneno mapya ya kumpa.

Karibuni maneno yalikuwa yamefika mwisho. Mzee alitamka waziwazi kwamba mwanamke huyu arudishwe kwao. Arudi peke yake. Ng'ombe za mahari zilishatoka, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wa Magesa na atabaki pale.

Na nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la bati. Ndani yake kulikuwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Zamani Mzee Magesa alikuwa na duara lake, shimo refu la wachimbaji, na mawe yaliyotoka humo yalikuwa yanasagwa hapohapo nyumbani. Kisha duara likaporomoka na watu ndani. Mmoja wao alikuwa Onesmo, kaka yake Apolonia wa tumbo moja. Hawakutolewa. Mzee alisema udongo haushikiki, atakayeshuka naye atabaki huko. Samuye walizika shati la Onesmo. Kwenye msiba huo ndiko Theonest alikokuja kutoa pole, akamwona Apolonia kwa mara ya kwanza.

Tangu hapo banda lilifungwa kwa kufuli. Mzee hakuchimba tena, hakusaga tena. Ajabu ni kwamba hakuwahi kupungukiwa. Ng'ombe ziliongezeka, lori likanunuliwa, na nyumba nyingine ikajengwa mjini. Watu walinong'ona kidogo, wakachoka.

Baada ya fundi kufukuzwa, Apolonia alimpigia mumewe simu.

"Hiyo mita itanisafisha," alimwambia. "Itaonyesha umeme unakwenda wapi. Baba yako ataona kwamba si mimi."

"Usiguse kitu cha baba."

"Hata akinitenga na mtoto wangu?"

Kwenye simu zilisikika mashine za mgodini. Kisha akasema, taratibu, "Mama Limi, hilo banda hata mimi mwanawe sijawahi kuliingia. Usiguse."

Akakata. Apolonia alikuwa hajataja banda.

Siku chache baadaye Mzee Magesa aliitwa kwenye msiba wa ndugu yake huko Mwadui. Aliondoka asubuhi, ufunguo wa banda ukining'inia shingoni kwa kamba kama kawaida yake. Vumbi la gari lake halijatulia vizuri, Edward akapita tena na ngazi yake. Alisimama mlangoni, akaangalia ndani kwa wasiwasi.

"Mzee yupo?"

"Hayupo."

"Leo ndiyo tunamaliza mtaa huu, mama. Tukishaondoka, mtalazimika kufuata wenyewe ofisini."

Apolonia alisimama kwenye kizingiti kwa muda mrefu. Akikubali, mzee atarudi na fimbo. Akikataa, fimbo haitakuwepo, lakini yeye atarudi Samuye na jina la mwizi, mgongo mtupu. Akapeleka mkono nyuma, akaushika mguu wa Limi. Ulikuwa wa moto, umelegea kwa usingizi.

"Ingia," akamwambia fundi. "Funga."

Mita ya zamani ilipotoka, nyuma yake palikuwa na waya mnene kuliko nyaya zote za nyumba, umepigwa plasta ndani ya ukuta.

"Huu unakwenda wapi?" Edward akauliza.

"Sijui. Labda banda la nyuma. Lakini huko hakuna kitu kinachowaka."

Edward aliufungia swichi yake peke yake, kando ya zile za nyumba, ili ionekane kinachokwenda huko ni kiasi gani. Akafunga mita mpya. Akamwekea Apolonia programu yake kwenye simu, akamfundisha kuisoma. Kisha akazima swichi zote za nyumba ili ajaribu, akiacha ile ya banda peke yake.

Taa zilizimika. Televisheni ikafa.

Namba kwenye mita zikaendelea kupanda. Zilipanda haraka kuliko mwanzo.

Edward alitoka, akazunguka nyuma. Apolonia alimwona akiweka sikio kwenye bati. Alikaa hivyo kidogo tu. Aliporudi, midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mama," akanong'ona, "humo ndani kuna watu wanafanya kazi?"

"Pamefungwa tangu sijaolewa."

Hakuuliza tena. Alikusanya vifaa vyake, vingine akavitia mfukoni kwa haraka. Chai iliyokuwa mezani hakuigusa. Akiwa getini aligeuka, akasema, "Mimi nimeshafunga. Usinipigie simu kuja kuitoa."

Apolonia alishinda na simu mkononi. Mstari wa matumizi ya banda ulikuwa wazi, hata asiyesoma angeuelewa. Ulikuwa juu tangu mita ilipofungwa. Ulikwenda sawasawa asubuhi yote iliyobaki. Ilipofika saa ya chakula cha mchana ukashuka, ukatulia kidogo, ukapanda tena. Apolonia alikulia kwenye familia ya wachimbaji, na mstari ule aliutambua. Ulikuwa siku ya kazi ya kibarua.

Akaenda nyuma. Jua lilikuwa kali, uani hakuna kivuli hata cha kuku. Akaweka kiganja kwenye bati la banda, akitegemea limuunguze.

Lilikuwa la baridi. Na lilikuwa linatetemeka.

Alisogeza sikio. Mbali kabisa, kama sauti inayotoka chini ya ardhi, kulikuwa na mlio wa mawe yanayotafunwa. Na kati ya mlio na mlio, mtu alikuwa anakohoa kile kikohozi cha vumbi.

Apolonia aliguna bila kukusudia.

Mle ndani kikohozi kikakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Angeweza kukimbia. Aliniambia hajui hadi leo kwa nini hakukimbia. Alirudi ndani mpaka kwenye mita, akaishusha ile swichi iliyo peke yake. Mlio ukazama taratibu, ukafa. Kukawa kimya. Akatembea tena hadi kwenye banda, polepole.

Akasikia watu wakiketi.

Hawakuwa wawili wala watatu. Mmoja baada ya mwingine walikuwa wanajishusha chini, ile namna ya mtu mzima aliyechoka sana, pumzi ndefu ikimtoka. Wengine mbali. Wengine karibu. Mmoja aliketi hapohapo, upande wa pili wa bati, mgongo wake ukaligusa na bati likabonyea kidogo kuelekea nje.

"Kapolo," sauti ikanong'ona.

Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyemwita hivyo.

"Onesmo?"

"Mzee amerudi?"

"Hayupo."

Kisha ile sauti, kwa mshangao kama wa mtoto, ikasema, "Kumbe tumechoka hivi."

Apolonia alijiziba mdomo kwa kanga. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa anayasikia.

"Kapolo."

"Naam."

"Huyo mgongoni ni nani?"

Bati halikuwa na tundu. Halikuwa na ufa. Apolonia akageuza shingo. Limi alikuwa ameamka. Hakulia. Alikuwa ameuelekeza uso wake palepale pa bati palipobonyea, na anatabasamu.

Hapo ndipo alipokimbia. Alikimbilia kwa Bhoke, akakaa huko na hakurudi kulala kwake. Hakumweleza kitu, alisema tu kwamba anaogopa nyumba kubwa. Lakini swichi hakuiinua. Aliiacha vilevile, chini.

Kesho yake adhuhuri pikipiki ilisimama getini. Aliyeshuka ni Mzee Magesa, na Apolonia, aliyekuwa amerudi nyumbani kufuata maziwa ya mtoto, nusura asimtambue. Msiba ulikuwa haujaisha, lakini alikuwa ameuacha. Koti lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Mkono wa kulia ulilegea ubavuni, hauna kazi.

Hakusalimia. Alipita moja kwa moja hadi kwenye mita. Akaitazama.

"Umekubali wakafunga."

"Nimekubali, baba."

"Na umezima."

"Nimezima."

"Lini?"

"Jana mchana."

Mzee Magesa akaketi chini, sakafuni, penye vumbi. Tangu aolewe Apolonia hakuwahi kumwona ameketi chini.

"Washa," akasema. "Mkono wangu hauinuki. Washa haraka."

"Mle ndani kuna nini, baba?"

"Wakikaa bila kazi wanakumbuka."

"Wanakumbuka nini?"

Mzee akalamba midomo. Macho yalikuwa kwenye mlango wa uani. "Nani aliwaweka."

Apolonia akauliza, ingawa alishajua, "Kaka yangu yumo?"

Yule mzee alimwinulia uso, na hata katika hali ile, chuki yake yote ilikuwa bado machoni. "Kaka yako," akasema, "ni mfanyakazi mzuri."

Kisha akabadilika, akalainisha sauti. "Mama Limi. Mwanangu. Washa, mtoto utabaki naye. Sitasema neno tena. Ng'ombe nakusamehe. Nyumba ya mjini nakupa. Inua tu hiyo swichi."

Apolonia akarudi nyuma hatua moja. Akaufunga upya ubeleko wa Limi, akakaza fundo.

"Siwashi."

Mzee Magesa akanyanyuka kwa mkono wa kushoto. Alimpiga fimbo ya bega, akampita, na kwa ncha ya fimbo ileile akaisukuma swichi juu.

Ta.

Hakuna kilichotokea. Kisha swichi ikashuka yenyewe.

Ta.

Akaisukuma tena. Ikashuka tena. Safari hii ilishuka taratibu, kama kuna kidole kinaishusha.

Ndipo walipomwita. Walimwita kutoka bandani, wote kwa pamoja, kwa mnong'ono, kwa adabu yote.

"Shikamoo, mzee."

Uso wa Mzee Magesa ukawa wa kijivu. Akakaza midomo. Apolonia alimwona anajizuia, shingo ikitoka mishipa, kama mtu anayezuia kutapika.

"Shikamoo, mzee."

Tangu utotoni mtu amezoea. Salamu hiyo ulimi huitikia wenyewe.

"Marahaba," akasema.

Miguu yake ikaanza kutembea. Aliniambia Apolonia: miguu ilikwenda, yeye alikuwa anabaki. Kifua kilikuwa kimelalia nyuma, mkono mmoja umeshika nguzo ya mlango mpaka kucha zikakwaruza. Miguu ikamwachisha nguzo. Ikamvusha uani. Mbele ya banda mkono wa kulia, ule usioinuka, ukainuka, ukavua ufunguo shingoni, ukafungua kufuli.

Mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja. Ndani palikuwa peusi. Jua lilifika kizingitini likakoma.

Mzee Magesa aligeuza kichwa. Kichwa tu. "Mama Limi," akanong'ona. "Tafadhali."

Akaingia.

Mlango ukajifunga.

Hapakuwa na kelele. Hapakuwa na ukelele wa mtu hata mmoja. Kulikuwa na kimya, kisha karasha likawaka.

Liliwaka kwa nguvu hadi bati zikapiga makofi. Bhoke alilisikia akiwa kwake, akaja mbio mikono ina unga. Apolonia alikuwa amesimama mbele ya mita. Swichi ya banda ilikuwa chini. Kwenye kioo, namba za banda zilikuwa zimesimama. Hakuna umeme uliokuwa unakwenda huko. Hata kidogo. Na mashine ilikuwa inatafuna mawe.

Ilinguruma mpaka jua lilipoanza kulegea, ikanyamaza.

Theonest alifika siku iliyofuata, na mwenyekiti wa mtaa, na polisi, na nusu ya ukoo. Mlango ulikutwa umefungwa, kufuli liko nje, mahali pake. Walilivunja. Ndani kulikuwa na karasha moja lililoliwa na kutu. Mkanda wake ulikuwa umeoza, ukashikwa tu ukawa unga. Mota haikuwepo, ilishatolewa zamani. Ule waya mnene ulitokea ukutani ukaishia hewani, haujaunganishwa na kitu. Buibui walikuwa wamefunga nyuzi mdomoni mwa mashine. Na sakafu nzima ilikuwa na vumbi laini, lililolala sawasawa, halina unyayo. Hata wa mzee haukuwepo.

Mzee Magesa hakuonekana tena. Walitafuta hadi Mwadui, wakatafuta kwenye maduara ya zamani, wakachoka. Ukoo ukamgeukia Apolonia. Walisema amemla baba yao ili arithi. Walisema ile mita ameileta yeye, na yote yameanza na mita. Waliing'oa, wakaikanyagakanyaga uani. Bhoke alipojaribu kuwaambia alichokisikia, walimwambia na yeye ajihadhari na moto usiingie kwenye paa lake. Siku hiyohiyo wakaanza kudai mtoto.

Shangazi wa Theonest ndiye aliyemfungua Limi mgongoni kwa nguvu, akamgeuza amwone. Akapiga yowe, akamrudisha kwa mama yake kana kwamba ameshika kaa la moto.

Katikati ya paji la uso la mtoto kulikuwa na alama ya kidole gumba. Ya vumbi la kijivu, imechapwa vizuri, mistari yote ya kidole inaonekana. Apolonia aliapa kwamba asubuhi alipomwogesha haikuwepo. Akaisugua kwa kanga. Akasugua kwa maji, kwa sabuni, kwa mafuta. Haikutoka.

Theonest alisogea, akaitazama kwa muda. "Hilo ni gumba la baba," akasema. Akarudi nyuma, na tangu siku hiyo hajamdai mtoto wala hajamgusa.

Apolonia aliporudi Samuye, mama yake alimpokea mjukuu, akamweka mapajani, akaitazama alama ileile, akaanza kulia. "Ni la Onesmo," alisema. "Mwanangu amekuja kumwona mtoto wa dada yake."

Mpaka leo hawajapatana ni la nani.

Mimi nimeiona hiyo alama. Limi sasa anatembea, anacheka na kila mtu, ana afya. Siku ile jikoni kwetu alikuja mwenyewe, akaegemea goti langu, akaniinulia uso. Nikapitisha kidole juu ya ile alama, taratibu, nikijua ni ya zamani na imekauka.

Kidole changu kilitoka na vumbi bichi la mawe. Nikalisogeza dirishani. Lilikuwa na vichembe vya dhahabu.